Kicheko cha Delcie

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Delcie Haylock alizungusha mikate ya nazi ya bibi yake nyumba kwa nyumba. Mji wa Bonacca, katika kisiwa kimoja cha Honduras, umesimama juu ya nguzo, maji yakipita chini, na hauna gari hata moja. Watu hutembea kwenye vinjia vyembamba vya saruji na mbao. Delcie, mtoto wa miaka kumi na miwili, alivijua vyote hata akifumba macho.

"Hodi! Mkate wa moto!"

"Karibu, mjukuu wa Orlena. Leo haukuungua?"

"Uliungua jana, Bi Zelma. Wa leo utajing'ata vidole!"

Kwa maneno, Delcie hakuwa na mpinzani. Aliweza kumwiga mtu yeyote, sauti na mwendo, mpaka mwenyewe akajishuku. Kiingereza cha Kisiwani, lugha ya nyumbani, kilimtoka kama maji. Lakini akivuka mlango wa shule, mdomo ule ule ulikufa ganzi. Shuleni ni Kihispania, lugha ya Honduras nzima, na hicho kilimshinda.

Si kwamba hakukielewa. Alikisoma na kukiandika vizuri tu. Kukitamka ndiko kulikokuwa balaa. Irabu za Kihispania ni fupi na hazigeuki. O ni o tu, popote itakapokuwa. Delcie aliivuta mpaka ikawa ou, kisha irabu ya mwisho wa neno akaimeza kabisa. R, ambayo inatakiwa itetemeke kwenye ncha ya ulimi, yeye aliikunja huko nyuma ya kinywa. T yake nayo ilitoka na pumzi, kama mtu anayezima mshumaa.

Na mtihani wa wimbo wa taifa ulikuwa umefika. Kila mwanafunzi wa darasa la sita lazima aimbe kiitikio, aseme beti zote kwa kichwa na kueleza maana yake. Asiyefaulu hapati cheti, na asiye na cheti haendi darasa la saba. Delcie alilitaka hilo darasa la saba kuliko kitu chochote duniani.

Siku ya mtihani, mwalimu mkuu, Bwana Evelio, alimsimamisha katikati ya ubeti wa pili.

"Binti, unatafuna maneno. Sielewi hata moja."

Darasa zima likaangua kicheko. Delcie aliangalia viatu vyake.

"Utarudia mwisho wa mwezi," Bwana Evelio alisema. "Ukishindwa tena, basi."

Aliyemwonea huruma ni mwalimu wa darasa, Mwalimu Nohemi, mwanamke mrefu aliyehamia mwaka huo kutoka bara. Kila mchana, wenzake wakienda kuogelea, Delcie alibaki naye darasani. "Tena," mwalimu alisema. "Ulimi juu. Usivute. Tena." Delcie alirudia mpaka taya likauma, lakini ou ilibaki ou. Kadiri alivyoogopa kukosea, ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Ikaja siku ya mkutano wa wazazi. Mwalimu Nohemi, kwa kuwaheshimu wazazi, aliamua kusema nao kwa Kiingereza. Alisimama wima, mkoba ameubana kwapani, kidevu juu. Maneno yakatoka moja moja, kila irabu fupi, kila r ikitetemeka kama injini ya boti. Wazazi waliinamisha vichwa kuficha tabasamu.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Delcie alipanda kwenye ngazi za nyuma ya shule. Kicheko cha siku ya mtihani kilikuwa bado kinamuuma, akaona heri naye ampate wa kumcheka. Alibana daftari kwapani, akainua kidevu, akaanza kuhutubia kwa Kiingereza cha Mwalimu Nohemi. Alikuwa yeye mtupu! R zilitetemeka, irabu zilikatika fupi fupi.

"Jamani, mbavu zangu!" rafiki yake Wilda alipiga kelele. "Delcie, utatuua!"

Kisha Wilda akanyamaza. Wote wakanyamaza. Delcie aligeuka, na Mwalimu Nohemi alikuwa amesimama nyuma yake. Mwalimu aliuhamisha mkoba wake kutoka kwapa hili hadi lile, akaenda zake.

Mchana ule hakubaki darasani, wala siku zilizofuata. Alifundisha kama kawaida, kengele ikilia anaondoka. Jioni moja Delcie alimkuta dukani kwa Bi Zelma. Mwalimu, ambaye hapo awali aliomba sukari kwa Kiingereza chake na kumsalimia kila mtu, sasa alinyoosha kidole tu. Kidole kwenye sukari, kidole kwenye sabuni. Alilipa akatoka bila hata kusema asante.

Delcie alirudi nyumbani roho imemwelemea. Alijaribu kusoma beti peke yake, akiuelekea ukuta. Bibi Orlena, akikanda unga mezani, alimsikiliza hadi akashindwa kuvumilia.

"Acha, mjukuu wangu. Mimi niliishia darasa la pili kwa Kihispania hicho hicho. Baba yako aliishia la tano, akakimbilia kazi ya melini. Ulimi wetu haukuumbiwa hayo mambo. Mkate nao ni kazi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomvunja Delcie kabisa. Aliliangalia lile jiko jeusi pembeni, akajiona amesimama mbele yake mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Machozi yakaanza kumtoka.

"Kwani mwalimu wako hakufundishi tena?" bibi aliuliza.

Delcie alijifuta mashavu kwa kiganja.

"Delcie. Nakuuliza wewe."

Akaeleza yote. Bibi Orlena aliuacha unga.

"Kila siku watu wa huku tunalalamika kwamba wa bara hawajifunzi lugha yetu. Kaja mmoja anajaribu, wewe unamfanyia mchezo ngazini? Hujui kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika?"

"Kilema chenyewe ninacho tayari, Bibi."

"Basi aibu yako ni mara mbili. Nawa uso, uende kwake."

"Nimpelekee mkate?"

"Hapana. Msamaha haununuliwi kwa mkate. Nenda mikono mitupu."

Mwalimu Nohemi alifungua mlango wa chumba chake cha kupanga, hakumkaribisha ndani. Delcie alisema palepale kizingitini, kwa Kihispania chake kibovu, kwamba amekosa na anaomba radhi. Maneno yalitoka yametafunwa kama kawaida, lakini mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Unajua nilijifunza hotuba ile kwa muda gani?" aliuliza. "Nilitaka nimweleze bibi yako kwa lugha yake kwamba mjukuu wake ana akili. Sasa nikitaka kufungua mdomo, naiona ile ngazi, nawaona mnacheka. Nafunga tena."

"Hivyo ndivyo ninavyokuwa mimi," Delcie alisema. "Kila siku, Mwalimu. Nikikumbuka darasa lilivyocheka, ulimi unakufa."

Mwalimu aliuegemea mlango.

"Sijui kama nimekusamehe. Bado inauma," alisema. "Lakini hutabaki nyumbani kwa ajili yangu. Ingia. Haya, niige tena."

"Mwalimu?"

"Kama siku ile. Nicheke."

"Siwezi, Mwalimu. Naona aibu."

"Siku ile hukuona. Chukua mkoba."

Delcie alibana mkoba kwapani. Aliinua kidevu, huku machozi yakimtiririka, akamwiga mwalimu wake mbele ya macho yake. Maneno machache ya Kiingereza, mafupi, r zikitetemeka.

"Usisogee. Mdomo uache hivyo hivyo. Badilisha maneno tu. Sema ubeti wa kwanza."

Delcie akasema. O ikatoka o. Irabu ya mwisho haikumezwa. R ikatetemeka kwenye ncha ya ulimi, hapo hapo inapotakiwa. Alishtuka mwenyewe akanyamaza.

"Mdomo huo ulikuwa nao siku zote," Mwalimu Nohemi alisema. "Ila ulikuwa unautoa kwa kucheka watu tu."

Mwisho wa mwezi, Delcie alisimama mbele ya Bwana Evelio, mkono umebana mbavu kana kwamba kuna mkoba, kidevu juu. Nyuma mtoto mmoja alikohoa kuzuia kicheko, maana alimtambua aliyeigwa. Delcie hakugeuka. Alikwama kwenye ubeti wa nne, ulimi ukawa mzito kama zamani, akadhani yameisha. Akamwangalia Mwalimu Nohemi. Mwalimu aliinua kidevu chake kidogo. Delcie naye akainua chake, akamaliza beti zote na kueleza maana zake.

"Bado kuna maneno unayavuta," Bwana Evelio alisema, akiandika. "Lakini nimekuelewa. Umefaulu."

Bibi Orlena alikuwa anangoja mlangoni, aproni ina unga bado. Mwalimu Nohemi alimwendea. Alisimama mbele yake, watoto wote wakitazama. Kisha akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kwamba mjukuu wake amefaulu, na kwamba ana akili.

Bibi alimshika mkono.

"Umesikia, Delcie?" alisema bila kumwachia. "Hivi ndivyo lugha inavyojifunzwa. Mtu anakubali kukosea mbele ya watu. Ukimcheka anayejaribu, unamfunga mdomo yeye, na siku yako ikifika unafungwa na wewe. Mimi walinicheka nikiwa mdogo kuliko wewe, nikanyamaza. Kwa Kihispania nimenyamaza maisha yangu yote."

Halafu yule mzee, aliyeishia darasa la pili, akamgeukia mwalimu na kumshukuru kwa Kihispania. Yalikuwa maneno mawili tu. Aliyavuta, akayameza, r akaikunja nyuma ya kinywa.

Hakuna aliyecheka.