Kichwa cha Debra

Wahu alikuwa na saluni ndogo pale Kenyatta Market, mkabala na wachoma nyama. Yaliyompata mwaka 2006, majirani zake wa mtaa wa Jamhuri huyasimulia kwa sauti ya chini hadi leo.

Mdogo wake, Debra, alikuwa amezunguka miezi mingi na begi mgongoni, Ethiopia, Sudan, hadi Misri. Alikuwa amepanga kumalizia safari kwenye mahekalu ya kale kando ya Nile, kisha apande ndege arudi nyumbani Ijumaa. Lakini Jumatano, wakati Wahu anakunywa chai, mlango ukabishwa. Debra huyo, mikono mitupu.

"Mbona mapema? Na begi?"

"Niliibiwa. Wacha nikae kwanza."

Wahu alimkumbatia kwa furaha. Furaha hiyo ikaanza kupungua mezani. Debra alikula ugali kwa mkono wa kushoto, naye tangu utotoni alitumia wa kulia. Hakuuliza habari za mtu yeyote, hata za mama yao. Alipoulizwa habari za safari, alisimulia jambo moja tu.

"Kwa lile hekalu la mwisho kuna chumba cha ndani kabisa. Askari alituambia tusiingie. Nikaingia."

"Ukaona nini?"

"Niliona mtu amesimama. Alikuwa amengoja sana."

Alitabasamu. Wahu akaondoa vyombo upesi.

Kesho yake mchana walikwenda saluni. Debra alitaka kusukwa matuta. Wahu alikuwa amemsuka tangu akiwa mtoto, na vidole vyake vilikijua kichwa kile kuliko macho. Tangu utotoni, juu ya sikio la kulia palikuwa na kovu la kuungua jikoni. Akapapasa. Palikuwa laini.

Kovu lilikuwa upande wa kushoto.

Akainua macho kwenye kioo. Ndani ya kioo, kila kitu kilikuwa mahali pake, kovu likiwa kulia. Debra wa kwenye kioo alikuwa akimtazama.

Wahu aliendelea kusuka, kwa maana hakujua afanye nini kingine. Alipofika nusu ya kichwa simu yake ikalia. Namba ya nje. Akaibana kwa bega.

"Wahu? Ni mimi Debra. Niko Cairo. Kesho utakuja kunichukua airport, ama nitafute teksi?"

Bila kujua, Wahu aliukaza msuko.

"Wahu, unanisikia? Siko poa. Kichwa kinaniuma upande mmoja, ni kama mtu ananivuta nywele."

Wahu aliachilia msuko uliokuwa vidoleni mwake.

"Aa," sauti ikapumua. "Sasa imeacha."

Mwanamke aliyekaa kwenye kiti hakugeuka. Alinong'ona tu.

"Maliza, Wahu. Ukimaliza, huyo hatakuwa na haja ya kuja."

Kitana kilianguka. Wahu alitoka mbio hadi kwa Lazarus, mchoma nyama, akamvuta kwa aproni bila kumweleza neno. Walirudi pamoja. Saluni ile haikuwa na mlango wa nyuma wala dirisha. Kiti kilikuwa kitupu. Lazarus alikigusa, akaondoa mkono haraka.

"Baridi," alisema. "Kama mawe."

Ijumaa Wahu alikwenda uwanja wa ndege. Abiria walitoka, na katikati yao Debra, begi mgongoni, kitambaa kichwani, amekonda. Alilia alipomwona dada yake. Aliuliza habari za mama kabla hata ya salamu kwisha. Wahu akashusha pumzi.

Ndani ya teksi, Debra alifungua kitambaa.

Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa matuta.

"Nililala kidogo pale Cairo, nikaamka hivi," alisema. "Usiniulize, tafadhali."

Wahu aliyapapasa, akayatambua. Mkono uliosuka matuta yale ulikuwa wake.

Walipofika Jamhuri alianza kuyafumua, jua bado likiwaka dirishani. Ndani ya tuta la mwisho akakuta unywele mmoja mrefu, mweupe, ulionyooka. Haukuwa wa bandia. Ulikuwa umeota kwenye ngozi. Akaushika.

"Usivute," Debra akanong'ona. "Yule wa hekaluni anasikia."

Wahu alichukua mashine ya kunyoa, akakinyoa kichwa chote, unywele ule pia, akafagia na kuchoma kila kitu uani. Usiku kucha walikaa wameshikana mikono, taa zikiwaka.

Asubuhi kichwa cha Debra kilikuwa kipara, kinang'aa. Isipokuwa unywele ule mweupe. Ulikuwa umefika begani.