Gurudumu la Regina Mferejini

Siku dada yangu Regina alipofariki hospitalini Morogoro, ilikuwa zamu yetu ya maji. Hapa Magole wakulima wa mpunga tunapokezana mfereji mmoja. Siku hiyo hakuna mtu wa nyumbani aliyekumbuka kufungua lango la maji. Metito, jirani yetu mfugaji, alitufungulia bila kuombwa. Naandika ili nisisahau kwa nini alifanya hivyo.

Mwaka uliotangulia, Regina alikuja nyumbani likizo. Alikuwa akisoma hisabati chuo kikuu. Mpunga wetu ulikuwa unachanua, lakini majaruba, vile vishamba vilivyozungukwa na matuta, yalikuwa yamepasuka kwa ukavu. Maji mengi yaliingia mferejini, machache yakatufikia. Bila maji wiki ile, tusingevuna kitu.

Asubuhi Baba alichukua jembe na viroba vya mchanga.

"Naenda kuziba kona ya mfereji," alisema. "Maji yanazunguka pale kama uji chunguni. Pale ndipo yanapopotelea. Ng'ombe wa Metito wamepatoboa."

"Baba, ukiziba kona, maji yatapanda na kuvunja tuta," Regina alisema. "Tupime kwanza."

"Hisabati inanywesha mpunga?"

"Leo itajaribu."

Tulimkuta Metito konani, ng'ombe wake wakinywa maji.

"Shikamoo mzee," Regina alimsalimu.

"Marahaba, binti. Nasikia ng'ombe wangu wamekula mfereji."

"Sijacheka," Baba alisema.

Regina alikata kipande cha bua la muhindi, akakichomekea mabawa manne. Akapitisha kijiti katikati, akakisimika majini. Lilikuwa gurudumu dogo lililolala juu ya maji. Pale konani lilizunguka mbio.

"Unaona?" Baba alisema.

"Naona mzunguko. Sijaona upotevu." Regina alichuchumaa. "Baba, fikiria kila mahali majini pana mshale. Unaonyesha maji yanaelekea wapi. Maji yakiwa na kasi, mshale ni mrefu. Mishale yote kwa pamoja tunaiita uga wa vekta. Tunauuliza maswali mawili. La kwanza: hapa, mishale inalizungusha gurudumu? Huo ndio mzunguko. La pili: hapa, maji yanayotoka yanalingana na yanayoingia? Yakitoka mengi kuliko yaliyoingia, pana chemchemi. Yakitoka machache, pana shimo. Huo tunauita mtawanyiko."

"Ni zizi," Metito alisema.

Baba alimgeukia. "Zizi gani tena?"

"Ng'ombe wanaweza kuzunguka zizini mpaka vumbi lifunike jua. Wakitoka wote walioingia, hakuna aliyepotea."

Regina alitabasamu. "Mzee, umenimalizia somo."

Alidondosha jani kabla ya kona, kisha jingine baada yake. Upana wa mfereji ulikuwa uleule, na kina kilekile. Majani yote mawili yalikwenda kwa kasi moja.

"Yameingia, yametoka sawa," alisema. "Mzunguko upo. Mtawanyiko ni sifuri. Kona haina kosa."

Tukashuka mpaka sehemu iliyonyooka. Aliweka gurudumu katikati. Halikuzunguka hata kidogo.

"Hapa pametulia kama kanisani," Baba alisema. "Twende."

"Ngoja, Baba."

Jani lake la kwanza lilipita haraka. Mbele kidogo, la pili lilijikokota, na maji yalikuwa yameshuka kina.

"Hapa hakuna mzunguko," Regina alisema, "lakini yanayotoka ni machache kuliko yanayoingia. Mtawanyiko ni hasi. Maji yanatoroka kimyakimya."

Baba alipanda tuta, akatazama upande wa pili. Nyasi zote zilikuwa kavu, ila ndago, magugu yapendayo maji, zilikuwa mbichi kabisa. Kila siku alipita hapo. Aliingiza mkono chini ya tuta, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Kaa walikuwa wamechimba njia hadi ng'ambo.

Alikaa chini, mkono wake ukidondosha matope.

"Metito, nimekusingizia."

"Waombe radhi ng'ombe. Mimi nimezoea."

Hapo Baba alicheka. Tulichimba udongo wa mfinyanzi na kujaza shimo. Metito akaleta ng'ombe walewale wakaukanyaga mpaka ukashikana. Jioni maji yalifika kwenye jaruba letu la mwisho. Mpunga ulibeba. Na Metito alipewa njia yake ya kunyweshea pale konani, bila ugomvi tena.

Sijaona mtu mwingine aliyeweza kueleza jambo gumu hivyo, na wasikilizaji wake wakaondoka wakicheka.

Bua huoza upesi. Kila msimu Baba hukata jingine na kuchomeka mabawa manne. Hupima kwanza kona, kisha sehemu iliyotulia. Metito huleta ng'ombe pakihitaji kukanyagwa. Zamu yetu ni Alhamisi. Lango nafungua mimi.