Mtaa Usio na Pasi

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Mama Vifaranga aliyachungulia mayai yake. Mashine ya kutotoleshea vifaranga ilikaa chumbani, kati ya kitanda na kabati. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, balbu za joto, na mota ndogo iliyogeuza trei taratibu. Mumewe, fundi viatu, alilalamika kwamba siku hizi anapita ubavu ubavu kwenda kulala. Alisema mayai yamepewa sehemu nzuri kuliko yeye mwenye nyumba. Lakini wateja walipokuja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasifia mashine.

Shida yao ilikuwa moja tu: umeme. Jioni watu walirudi kazini, wakawasha hiki na kile. Punde si punde, transfoma ya pale kona ililia paa, na mtaa mzima ukawa giza. Mafundi wa shirika la umeme walikuja, wakatengeneza, wakaondoka. Hawajafika mbali, fyuzi imekatika tena.

Ndivyo Mama Vifaranga alivyopoteza mayai ya trei zote. Vifaranga walikuwa wameshakamilika, bado kidogo watoke. Alifunika mashine kwa mablanketi. Alipanga chupa za maji ya moto pembeni. Haikusaidia. Asubuhi alipasua yai moja, akamkuta kifaranga mzima na manyoya yake, amelala. Hakuwa na moyo wa kupasua la pili. Siku hiyo alilia kama aliyefiwa, na mumewe, mtu wa mizaha, hakuthubutu kumtania.

Tangu hapo aliweka mayai machache tu, ya kujaribu bahati. Kikundi cha wanawake wafugaji kilitaka vifaranga wengi, wa kujaza mashine nzima. Mama Vifaranga aliogopa kukubali. Wanawake wale walimpenda, lakini walimwambia wazi kwamba hawatasubiri milele. Kama umeme hautatulia, biashara yake imekwisha, na mashine itabaki kuwa kabati la vikombe.

Siku moja vijana wawili wa shirika la umeme walipita nyumba kwa nyumba. Walisema jiji linapanga mradi wa majaribio wa umeme wa kisasa. Walitaka kujua kila nyumba inatumia vifaa gani, na saa zipi.

Maneno yalikuwa yamewatangulia. Fundi viatu aliyapata kibarazani pake: eti ukitaja mashine, utatozwa kama kiwanda. Basi kabla vijana hawajabisha hodi, alishatandaza shuka juu ya mashine. Juu ya shuka akarundika nguo.

"Sisi tuna taa mbili na redio," aliwaambia. "Watu wa kawaida tu."

Mota ikanguruma chini ya shuka. Kijana mmoja akageuza shingo.

"Ni nini hicho, mzee?"

"Panya."

"Panya ana mota?"

"Panya wa hapa ni wakubwa, mwanangu," alisema fundi viatu, akaanza kukohoa kwa nguvu ili kuufunika mngurumo.

Mama Vifaranga aliuma mdomo. Alitaka kucheka, na alitaka kulia. Vijana waliandika taa mbili na redio, wakashukuru, wakaenda kwa jirani. Walipoondoka, alimwuliza mumewe watasaidiwaje na watu waliofichwa ugonjwa wenyewe. Mumewe alijibu kwamba yeye analinda nyumba yake.

Jumamosi iliyofuata wakazi waliitwa kwenye ukumbi wa shule. Mbele alisimama mhandisi aliyepewa kazi ya kuupanga mradi, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amebandika ukutani ramani kubwa ya mtaa, kila nyumba na alama yake.

"Ndugu zangu, nimesoma majibu yenu yote," alisema. "Karibu kila nyumba ina taa mbili na redio. Hakuna friza. Hakuna mashine ya kuchomelea. Mtaa mzima hauna hata pasi." Akawatazama waliokaa mbele. "Lakini naona mashati yamenyooka vizuri sana. Labda mnayalalia."

Watu walicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Fundi viatu alijaribu kuikunja kola yake kwa siri.

Mhandisi hakuwagombeza. Alieleza kwamba transfoma inabeba mzigo wa nyumba zote. Mzigo ukizidi, fyuzi inakatika ili transfoma isiungue. Fyuzi si adui, alisema, inafanya kazi yake. Mradi ulikusudia kuweka mita janja, yaani mita zinazopeleka habari za umeme kituoni kila baada ya muda mfupi. Kituo kitaona mzigo unapanda kabla ya giza kuingia. Badala ya mtaa mzima kukatiwa, vifaa vinavyoweza kusubiri vitasubiri kidogo. Vile visivyoweza kusubiri vitaendelea.

"Mradi wa majaribio unaanza mtaa mmoja," aliendelea. "Tukikosea, tunakosea padogo, tunasahihisha, ndipo tunakwenda mji mzima. Nilifikiri mtaa huo ungekuwa wenu, maana transfoma yenu ndiyo inayotusumbua kuliko zote. Lakini siwezi kupanga kwa kubahatisha. Kwa majibu haya, ninyi hamna mzigo. Mtaa wa ng'ambo wametaja vitu vyao vyote. Leo nikifunga kikao hiki, mita zinakwenda kwao."

Kila mtu alimtazama mwenzake, akisubiri mwingine aanze. Fundi viatu alimshika mkewe pindo la gauni, kama aliyejua anachowaza. Mhandisi akanyoosha mkono kuibandua ramani.

Mama Vifaranga akapiga moyo konde, akasimama.

"Binti yangu, ngoja," alisema. "Mimi nina mashine ya kutotoleshea vifaranga. Iko chumbani, chini ya shuka. Inawaka usiku na mchana. Umeme ukikatika muda mrefu, vifaranga wanafia ndani ya mayai. Nimeshawazika mara moja. Sitaki kuwazika tena."

Alibaki amesimama, hajui aketi au atoke. Mumewe naye akainuka polepole, macho chini.

"Shuka niliweka mimi," alisema. "Nilisikia ukitaja mashine utatozwa kama kiwanda."

Mhandisi aliuliza nani aliyesema hayo. Vichwa vyote viligeuka kwa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Cheche akaanza kuikagua dari kama mtu anayetaka kuinunua. Safari hii watu walicheka kweli, na hata Cheche mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Majibu haya ni ya kupangia tu," alisema mhandisi. "Hayabadilishi bei ya mtu yeyote. Wala hakuna atakayekatiwa kwa kusema kweli. Nitaliandika hilo na kulitia sahihi hapa, mbele ya mwenyekiti wenu."

Akaandika, mwenyekiti wa mtaa akalisoma kwa sauti. Ilikuwa kama mtu amefungua madirisha. Cheche alisema ana mashine ya kuchomelea, tena kubwa. Dobi alikiri kwamba pasi anazo, na mbili zinawaka pamoja. Mwenye duka alitaja friza. Watu walizungumza kwa pamoja mpaka mhandisi akaomba waende zamu kwa zamu. Mama Vifaranga aliketi, akashusha pumzi ndefu.

Mwanamke mmoja aliuliza kama mita hizo zitaona mambo ya ndani ya nyumba. Mhandisi alimjibu kwamba mita haina macho wala masikio. Inajua umeme umetumika kiasi gani na saa ngapi, basi. Na habari hizo zitalindwa, zisipewe mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Wiki iliyofuata vijana wale wawili walirudi. Fundi viatu aliwapokea kwa aibu kidogo, akawapeleka chumbani mwenyewe. Siku chache baadaye mhandisi naye alikuja, akapita mlango kwa mlango na ramani yake. Alama nyekundu ziliwekwa kwa vitu visivyoweza kusubiri: mashine ya Mama Vifaranga, na jokofu la chanjo katika zahanati. Alama za njano zilikuwa za vitu vinavyoweza kusubiri: pampu ya maji ya mtaa, friza ya dukani, pasi za dobi. Kila mwenye kitu aliulizwa kwanza. Hakuna aliyewekewa alama ambayo hakuikubali.

Cheche alisumbua kidogo. Alisema yeye si mtu wa kusubirishwa na mayai. Mhandisi alimwuliza kazi nzito anazipata saa ngapi. Cheche alifikiri, akakubali kwamba nyingi huja asubuhi, na jioni anamalizia viporo. Basi akaomba jambo moja: apewe ujumbe kwenye simu mapema, asikatiziwe katikati ya kazi. Mhandisi alisema ni ombi zuri, akaliingiza kwenye mpango.

Jioni hiyo, akiwa nyumbani kwa Mama Vifaranga, mhandisi aliuliza swali dogo.

"Mama, umeme ukikatika, swichi zenu mnazifanyaje?"

"Tunaziacha zimewashwa," alijibu Mama Vifaranga. "Hivyo tunajua umerudi."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima. Sasa tutajuaje?"

Mhandisi alimweleza. Umeme unaporudi, kila pasi, kila friza na kila jiko la umeme huwaka kwa dakika ile ile. Mzigo unakuwa mkubwa kuliko ule uliokata fyuzi mwanzo. Ndiyo maana fyuzi hukatika tena hapo hapo. Mfumo mpya utarudisha umeme sehemu kwa sehemu. Lakini hata leo, kabla ya mita, watu waache taa moja tu. Vingine wazime, kisha wawashe kimoja baada ya kingine.

Mama Vifaranga aliikumbuka ile siku ya msiba wa mayai. Umeme ulirudi ukakatika, ukarudi ukakatika, na kila uliporudi mtaa ulishangilia. Pasi yake nayo ilikuwa ukutani, imewashwa. Roho ilimwuma. Siku hiyo hiyo alianza kupita kwa majirani kuwaambia habari ya swichi. Giza halikuisha, lakini lilipungua, na hilo likawapa watu moyo wa kusubiri.

Mpango ulipokamilika, jiji liliweka transfoma inayolingana na mzigo wa kweli. Kisha mita janja zikafungwa nyumba baada ya nyumba. Jioni ya kwanza ya kujaribu, simu ya Cheche ililia. Ujumbe ulisema mzigo unapanda, amalize alichoshika kisha apumzike kidogo. Alimaliza, akaweka chini kifaa chake, akanung'unika, akatoa kiti nje. Pampu ya maji nayo ikatulia. Kwa mazoea watu walitoka milangoni kuulizana kama umeme umekatika. Walijikuta wanaulizana chini ya taa zinazowaka. Muda si mrefu mzigo ulishuka, pampu ikaendelea, na Cheche akarudi kazini.

Makosa madogo yalikuwepo. Mita mbili hazikupeleka habari, ikabidi zibadilishwe. Friza ya dukani ilisubirishwa kupita kiasi siku moja, mwenye duka akalalamika, na muda ukapunguzwa. Mhandisi alipokea malalamiko yote bila kununa. Alisema majaribio ni kwa ajili hiyo.

Jioni zilipozidi kupita bila giza, Mama Vifaranga alikwenda kwa wanawake wafugaji. Aliwaambia yuko tayari. Alijaza trei zote, mpaka mumewe akauliza kama na mto wake utatiwa yai.

Wiki ya tatu ilipokaribia kwisha, hofu ilimrudia. Tangu ule msiba, vifaranga walipokaribia kutoka, yeye hakulala. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza umeme, kama mtu anayeuguza. Safari hii pia alivuta kigoda chake. Mumewe alimwambia ajinyooshe kidogo tu, yeye atakaa macho kwa zamu. Alijinyoosha bila kuvua hata kitambaa cha kichwani.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Alishtuka, akaketi, akadhani yamemkuta yale yale. Ndipo aliposikia kelele. Nyuma ya kioo, vifaranga walikuwa wamejaa trei, wengine wamekauka manyoya, wengine bado wamelowa na wanayumba. Maganda yalikuwa yametapakaa kila mahali.

Simu yake ilikuwa kando ya mto, na ujumbe wa jana jioni kutoka kituoni hakuwa ameusikia. Aliusoma taratibu. Ulisema mzigo ulizidi mtaani, pampu na friza zilisubiri kidogo, na nyumba yake haikuguswa.

Mumewe alitokea mlangoni, kiatu cha mteja mkononi.

"Nilikuacha ulale," alisema. "Hapakuwa na cha kukuamshia." Kisha akamtazama vizuri. "Unalia nini tena, mke wangu?"

"Silii," alisema Mama Vifaranga, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Nimelala. Nimelala mpaka asubuhi."