Shamba Lenye Njaa

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, Faudhia aliteremka bondeni na kopo mkononi kwenda kuokota funza. Alipita mhindi mmoja hadi mwingine, akipanua majani machanga ya katikati kwa vidole, na kila alipomwona funza alimchomoa na kumtumbukiza koponi. Kopo likijaa aliwamwagia kuku wa jirani, maana kwao kuku walikwisha kuliwa. Kisha alinawa miguu, akavaa sare na kukimbilia shule.

Msimu ule wa masika kazi hiyo haikuwa na mwisho. Funza aliowaacha jana, leo walikuwa wengi zaidi. Na hata mahindi ambayo hayakuguswa na funza hayakuwa na nguvu. Yalikuwa mafupi, membamba, na majani yake ya chini yalikuwa ya manjano kuanzia nchani hadi katikati, kana kwamba mtu ameyapitishia moto.

Faudhia aliishi kijijini Mahege na mama yake, Mwajabu, na mdogo wake, Sufiani, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Baba yao alifariki mwaka uliotangulia. Alipokuwa hai alizoea kusema kwamba shamba la bondeni halihitaji kitu ila jembe, kwa sababu mto Rufiji ulikuwa ukifurika na kuacha tope jeusi juu ya shamba zima. Lakini sasa misimu ilipita mto usifike pale. Tope jipya halikuja, na wao waliendelea kupanda mahindi palepale, mwaka baada ya mwaka.

Mavuno ya mwaka uliopita yalikwisha hata kabla ya Ramadhani. Tangu hapo walikula uji wa muhogo asubuhi, na jioni walikula ming'oko, viazi mwitu ambavyo mama alivichimba porini. Kuna siku mama alirudi mikono mitupu, akaketi kizingitini bila kufungua kilemba.

"Mama, tutakula nini?" aliuliza Sufiani.

Mama alimgeukia Faudhia. "Mahindi haya yakitushinda, mwanangu, sijui tutakwenda wapi. Kwa shangazi yako nako wanalala na njaa."

Faudhia hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo.

Ilikuwa ile miaka ya tisini mwanzoni, ushirika ulipoacha kuleta mbolea na dawa vijijini, na kila aliyeweza aliruhusiwa kuuza alichotaka. Gulioni Kibiti walijaa wachuuzi wapya. Mama alikwenda huko na doti ya khanga aliyoitunza kwa ajili ya Idi, akarudi bila khanga. Badala yake alikuwa na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mhindi. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama tui, chenye harufu kali ya kuchoma pua. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi yoyote.

"Ni dawa ya wadudu," mama alisema. "Yule kijana amesema kizibo kimoja cha soda kwa ndoo nzima ya maji. Kesho mimi nakwenda porini, kwa hiyo utanyunyizia wewe ukitoka shule. Nyunyizia mahindi peke yake. Upande wa kunde na matango usiuguse, hivyo tutavila karibuni."

"Ndiyo, mama."

Kesho yake mchana Faudhia alikwenda shambani na rafiki yake, Kudra, aliyesoma naye darasa la sita. Walichota maji, wakapima kizibo kimoja, na Faudhia akaanza kurashia mahindi kwa ufagio wa chelewa. Alipomaliza mstari wa kwanza, alirudi kuangalia. Funza walikuwa bado wanajinyonganyonga.

"Hawafi," alisema.

"Subiri kidogo," Kudra alimwambia. "Dawa si moto, haiui papo hapo."

Lakini Faudhia alikuwa na taswira moja tu kichwani, nayo ni mama yake pale kizingitini. Aliinua chupa na kumimina ndooni bila kupima, hadi maji yakawa meupe.

"Faudhia! Si uliambiwa kizibo kimoja?"

"Kizibo kimoja kitawafaa nini funza wote hawa?"

Alirashia shamba zima. Alipofika kwenye kunde aliona mashina yamefunikwa na wadudu wadogo weusi, wamebanana kama masizi. Alisita. Kisha akachovya ufagio na kurashia kunde pia, na matango yaliyotambaa katikati yake. Alipomaliza kichwa kilimuuma na macho yalimwasha. Alimwambia Kudra, "Usimwambie mtu." Usiku ule mama alipomuuliza kazi imekwendaje, alijibu kwamba imekwenda vizuri, na akalala.

Siku iliyofuata alipotoka shule alisikia kelele nyumbani kwao tangu njiani. Majirani walikuwa wamejaa uani. Sufiani alikuwa amelala mkekani, mate yanamtoka mdomoni kama povu, jasho limemlowesha mwili mzima, na misuli ya mapaja inamrukaruka. Alikuwa anapumua kwa shida.

"Ni degedege," alisema mama mmoja wa jirani. "Mfukizeni."

"Leteni maji ya baridi!"

Mama Faudhia alikuwa amepiga magoti, amemshika mwanawe kichwa, anasoma dua kwa sauti iliyokatikakatika. Pembeni ya mkeka palikuwa na kipande cha tango lililotafunwa.

Faudhia aliliona lile tango. Alijua. Katika watu wote waliokuwa pale uani, ni yeye na Kudra tu waliojua. Alirudi nyuma hatua moja. Aliona jinsi mama atakavyomtazama, na jinsi kijiji kizima kitakavyosema kwamba amemwua ndugu yake.

Kudra, aliyekuwa amefika nyuma yake, alimshika mkono. "Sema," alinong'ona. "Sema wewe, Faudhia, au nitasema mimi."

"Mama," Faudhia alisema. Hakuna aliyemsikia. Akapiga kelele: "Mama! Si degedege! Ni ile dawa!"

Watu wote walimgeukia.

"Niliimimina nyingi. Nikarashia mpaka kwenye matango." Machozi yalikuwa yanamwagika. "Nilikudanganya, mama. Amekula tango la shambani."

Mama alimtazama kitambo kifupi, uso umebadilika rangi. Halafu akasimama. "Chupa iko wapi? Kailete! Mjomba Mshamu, baiskeli yako!"

Mzee Mshamu, jirani yao, hakuuliza zaidi. Alimpakia mama nyuma ya baiskeli, mtoto mapajani, wakaondoka kuelekea kituo cha afya Kibiti. Faudhia alikimbia nyuma yao akiwa ameikumbatia chupa, akianguka na kuinuka kwenye mchanga, mpaka lori la magogo likamchukua njiani. Safari nzima alikuwa akirudia neno moja tu: "Asife. Asife."

Mganga wa kituo aliinusa ile chupa mara moja tu, akageuza uso. "Amekula dawa ya wadudu? Mna hakika?"

"Nina hakika," alijibu Faudhia. "Mimi ndiye niliyeinyunyizia."

Mganga alitoa amri haraka. Sufiani alivuliwa nguo, akaoshwa mwili mzima kwa sabuni, akachomwa sindano, kisha nyingine, kisha nyingine. Muda wote huo Faudhia aliketi chini ukutani, hathubutu kumtazama mama yake. Jua lilipokuwa linatua, mganga alitoka nje akijifuta mikono.

"Anapumua vizuri. Ataishi, inshallah. Mngesema degedege, ningempa dawa ya degedege, na sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine." Alimwangalia Faudhia. "Ni wewe uliyesema?"

Faudhia aliitikia kwa kichwa.

Mama alimvuta kifuani kwa mara ya kwanza siku ile, na wote wawili wakalia.

Waliporudi Mahege na Sufiani akiwa dhaifu, amebebwa mgongoni, shida haikuwa imeondoka. Kunde na matango ilibidi ving'olewe na kufukiwa, na hicho ndicho chakula pekee kilichokuwa karibu kukomaa. Funza wa juu ya majani walikufa, lakini baada ya muda mfupi mahindi yalianza kukauka moyo, jani la katikati likichomoka lenyewe ukilivuta. Mama alizunguka shamba lote, akarudi na kusema, "Basi. Tungoje riziki ya Mungu." Siku ile hakwenda hata porini.

Ndipo akaja Bibi Mwanaheri, bibi shamba aliyehudumia vijiji vya pale. Mganga ndiye aliyempa habari zao. Alifika asubuhi akisukuma baiskeli yenye pancha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," mama aliitikia kwa unyonge. "Umechelewa, bibi. Hakuna shamba la kutazama."

"Nionyeshe hilo hilo lisilotazamika."

Shambani hakutazama majani kwanza. Aling'oa mhindi mmoja, akaupasua kwa kisu kuanzia chini. Ndani ya bua alikuwamo funza mnene, amejitengenezea handaki, nyuma yake ungaunga kama wa msumeno.

"Umemwona?" alimwambia Faudhia. "Huyu dawa yako haikumfikia. Ukimimina chupa kumi atakuwa yumo ndani amelala. Mabua ya mwaka jana mliyapeleka wapi?"

"Tuliyalundika pale mpakani," Faudhia alijibu.

"Basi mlimjengea nyumba. Alikaa humo kiangazi chote akingoja mpande."

Kisha Bibi Mwanaheri alichimba kwa jembe na kushika udongo kiganjani. Ulikuwa wa kijivu, unamwagika kama mchanga wa pwani, hauna hata nyungunyungu mmoja. Akawaonyesha mizizi ya ule mhindi, mifupi kama ndevu za mbuzi.

"Mama Faudhia, shamba hili lina njaa. Mahindi ni walaji wakubwa, na mmeyapanda hapa kila mwaka. Zamani mto ulililisha kwa tope. Siku hizi mto hauji, na hakuna aliyelilisha. Umanjano huu wa majani ya chini ni njaa hiyo. Na mmea wenye njaa, wadudu wakiuingia haujinyanyui."

"Mbolea ya dukani siiwezi," alisema mama. "Hata khanga sina tena ya kubadilisha."

"Sikusema dukani. Nani hapa ana mbuzi?"

"Mjomba Mshamu," alisema Faudhia haraka.

"Samadi yake anaifanyia nini?"

"Anaitupa."

Mama aliinua uso. Faudhia aliona kitu kidogo kimerudi machoni pake.

Kazi ilianza siku ile ile. Walipita shambani na kung'oa kila mhindi uliokufa moyo, wakauchoma moto pamoja na lile lundo la mabua ya mpakani. Ile iliyobaki, ambayo haikufika hata nusu ya shamba, waliiwekea moyoni chembe za majivu yaliyochanganywa na mchanga laini, mhindi mmoja baada ya mwingine, ili funza wachanga wasipate njia ya kuingia. Mzee Mshamu aliwafungulia banda la mbuzi. Faudhia na Kudra walibeba samadi iliyooza kwa vikapu kila walipotoka shule, wakaifukia kando ya kila shina kabla mvua hazijakatika. Vikapu vingine walijaza tope la bwawa lililokuwa linakauka. Mabega yaliwachubuka. Kuna siku Faudhia aliketi njiani na kapu kichwani, akalia kwa uchovu na njaa, kisha akainuka.

Mavuno ya msimu ule yalikuwa machache. Hayakuwashibisha, lakini hawakulazimika kuhama. Walichanganya mahindi na ming'oko, wakavuka. Baada ya mavuno Bibi Mwanaheri aliwaletea mbegu za kunde na mbaazi, akawaambia mizizi yake hulisha udongo, kwa hiyo wasipande mahindi mpaka msimu mwingine. Wadudu weusi walipotokea tena juu ya kunde, waliwanyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, na sabuni kidogo. Majani yaliyopukutika hawakuyachoma. Waliyaacha yaozee pale pale.

Masika iliyofuata, mahindi ya shamba lile yalisimama marefu na ya kijani iliyoiva. Funza hawakukosekana, lakini walikuwa wa kuokotwa na kwisha. Siku walipovuna, Bibi Mwanaheri alikuwapo, na Sufiani, aliyekwisha kuanza shule, alikuwa anavuta mahindi kwa nguvu hadi anaangukia makalio.

Jioni walikaa wote uani wakipukuchua. Faudhia alikuwa akimtupia Sufiani jicho kila mara. Mama aliliona hilo.

"Bado unaiwaza ile siku?"

"Kila siku, mama."

"Nami naiwaza," mama alisema. "Mimi ndiye niliyeleta dawa ambayo sikuijua jina, nikaiweka mikononi mwa mtoto. Kosa hilo ni langu, na leo nalisema mbele yako. Wewe kosa lako lilikuwa kutaka shamba lipone kwa siku moja, na kunificha. Shamba halikupona kwa chupa, mwanangu. Lilipona tulipolitazama chini, tukalilisha, tukalisubiri. Na ndugu yako naye amepona kwa sababu ulisema kweli wakati kusema kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote uliyowahi kuifanya. Ukikosea tena, na utakosea, uniambie mapema. Sitaki tena kuambiwa mtoto akiwa mkekani."

"Nitakuambia, mama," alisema Faudhia.

Mama alivuta kapu la mahindi katikati yao, akamwekea binti yake mahindi mengine mapajani, na wote wakaendelea kupukuchua.