Mkono wa Akiba

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mbele huko hakuna wa kucheka.

Mimi ni fundi bomba, na mtaa mzima unajua hakuna sinki lililowahi kunishinda. Shule niliiacha mapema: wenzangu wakabaki na vitabu, mimi nikabaki na spana. Nimewahi kuchomoa meno ya bandia ya mzee mmoja kwenye bomba la choo, nikayasuuza, nikampa, akayavaa palepale mbele yangu na kunishukuru. Nimepasukiwa na bomba la maji machafu siku nimevaa shati jeupe la kwendea ukweni. Nilikwenda hivyo hivyo. Mchumba ninaye mpaka leo, sasa nyie wenye manukato mna nini cha kuniambia?

Kazi nilifundishwa na mjomba, kaka yake mama. Ananiita Mdomo. Anasema mdomo wangu ndio bomba pekee aliloshindwa kulifunga koki.

Jioni hiyo tulikuwa kwenye nyumba moja yenye geti la kijani, tunabadilisha bomba linaloingiza maji kwenye tangi la chini ya ardhi. Bomba la inchi mbili, limeliwa na kutu mpaka linatisha. Tulishinda kutwa tunalikausha lile tangi, na jua lilipoanza kuzama ndiyo kwanza mjomba anaweka ngazi ashuke.

Mjomba ana sharti lake. Kabla hajaingia kwenye tangi lolote, anafunga valvu kuu, anafungua nati, anachomoa mkono wa valvu, kile kichuma cha duara unachokizungusha, na kuutia mfukoni. Anashuka nao. Akiwa ndani, hakuna wa kumfungulia maji.

"Mdomo, kaa hapa kwenye valvu. Usiondoke."

"Sasa mjomba, mkono unao wewe. Nalinda nini, nzi?"

"Unanilinda mimi."

Akazama kwenye tundu lile, mabega yakikwaruza zege pande zote mbili.

Sasa niwape siri. Mfuko wangu wa nyuma ulikuwa na mkono wa pili. Wa akiba. Niliutafuta kimyakimya, nimechoka kusubiri mzee apande ngazi hatua kwa hatua ndipo tujaribu maji. Ujanja wa mjini huo. Mjomba hakujua.

Hazikupita dakika kumi, mama mwenye nyumba akachungulia mlango wa jikoni.

"Fundi kijana! Hili sinki langu nalo limeziba. Au utaliogopa?"

Kuogopa? Mimi?

Niliacha valvu pale.

Nililala chali chini ya sinki, kichwa ndani ya kabati, nikaanza kufungua kile kikombe cha kunasia taka. Kikafunguka kabla sijajiandaa. Mchuzi wa juzi, majani ya chai, mafuta yaliyoganda kama mshumaa… yote usoni. Mama yule alicheka mpaka akatoka nje kutafuta kitambaa. Nikabaki na jicho moja, natema ukoko wa wali.

Ndipo nikasikia.

Tap… tap… tap…

Matone kwenye sakafu.

Harufu ikafuata. Si ya sinki. Harufu ya tangi lililofungwa miaka: ukoga, kutu, giza.

Niliinua jicho langu moja. Kutoka chini ya kabati nilimwona mtu kuanzia magotini kwenda chini tu. Suruali ya ovaroli ya zamani, imelowa chapachapa. Miguu peku, ngozi imenyauka na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu.

"Fundi," akanong'ona. "Niazime mkono wa valvu."

Sisi mafundi huazimana vifaa, ndio utaratibu wa kazi. Nikadhani ni fundi wa nyumba ya pili.

"Wewe nawe umeoga na nguo?" nikamtania.

"Maji yalifunguliwa nikiwa ndani."

"Lo! Nani huyo mjinga aliyefungua?"

Matone yakaendelea.

"Mwenzangu," akasema. "Nilikuwa namwamini."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikauchomoa mkono wa akiba mfuko wa nyuma nikamnyooshea. Kiganja kilichoupokea kilikuwa baridi kama bomba la alfajiri, na kidole chake cha shahada kiliishia katikati.

Miguu ikageuka. Ikaondoka bila kishindo.

Mama mwenye nyumba akarudi na kitambaa. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na fundi wa hao jirani zako wa nyuma."

"Jirani gani? Huko nyuma ni kiwanja kitupu."

Nilikuwa bado nafuta uso… bomba lililopita ukutani likakoroma.

Likatetemeka.

Maji.

Valvu kuu ilikuwa imefunguliwa. Na mjomba yuko ndani.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nyayo mbichi, kutoka jikoni mpaka kwenye valvu, kutoka kwenye valvu mpaka kwenye tangi. Na mfuniko wa tangi, chuma cha kubebwa na watu wawili, umewekwa mahali pake. Umefungwa vizuri, kama kazi ya fundi mzoefu.

Chini yake nikasikia kishindo cha maji. Na ngumi. Ngumi za mjomba kwenye zege.

Kisha ngumi zikanyamaza.

"Mjomba!"

Nikarukia valvu. Mkono haupo! Kimebaki kile kichwa cha chuma cha pembe nne, kinatoa jasho la maji. Mkono mmoja mfukoni mwa mjomba, wa pili nimeugawa mwenyewe. Nikakamata spana ya bomba, nikabana, nikazungusha. Ikateleza. Ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Nikabana tena. Robo mzunguko. Ikateleza. Nalia huku natukana, natukana huku naomba. Nusu… mzunguko… mwingine… mpaka kishindo kikakatika.

Mfuniko tuliunyanyua mimi na mama yule. Msiniulize tuliwezaje.

Maji yalikuwa yamefika kifuani. Mjomba alikuwa ameegemea pembe, kidevu juu, jeraha kwenye paji pale bomba lilipomchapa. Nilishuka, nikampakata kama mtoto, mama akavuta juu, mimi nasukuma chini. Tukamlaza kwenye saruji. Akakohoa. Akatapika maji. Akafumbua macho.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa mfuko wake. Mkono wa valvu ulikuwemo.

"Nani amefungua?" akanong'ona.

Nikasema yote. Mkono wa akiba. Sinki. Miguu. Nilipofika kwenye kile kidole kilichoishia katikati, mjomba alifumba macho.

"Kilikatwa na mashine ya kukatia mabomba," akasema. "Nilikuwepo."

"Unamfahamu?"

"Nilifanya naye kazi kabla hujazaliwa. Siku aliyokufa, yeye alikuwa ndani ya tangi, mimi juu. Alishuka na mkono wake mfukoni. Mimi nilikuwa na wa akiba, kama wewe. Niliita mara moja, sikusikia jibu. Nikadhani ameshatoka, nikafungua maji."

Mama mwenye nyumba aliondoka taratibu, kitambaa mkononi.

"Nisikilize, Mdomo. Ukimwazima fundi kifaa, hukurudishia. Na huyu atarudisha. Akija, usipokee. Usimjibu hata salamu. Umenisikia?"

"Ndiyo, mjomba."

Yakapita majuma matatu. Kifua cha mjomba hakikupona sawasawa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nashuka. Sharti nililifuata mpaka mjomba akaanza kunicheka: valvu nafunga mwenyewe, mkono nachomoa, mfukoni. Yeye anakaa juu kwenye kigoda, miguu kila upande wa valvu.

Jioni moja nilikuwa chini, nakaza nati ya mwisho. Mwanga wa kwenye tundu ukafifia.

Harufu ikaja kwanza.

Ukoga. Kutu.

Tap… tap…

"Fundi," sauti ikanong'ona huko juu. "Nimeleta mkono wako."

Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Mimi, Mdomo! Nikashika mkono wa valvu mfukoni kwa vidole vyote, nikaganda.

Kisha nikamsikia mjomba. Polepole, kama mtu aliyeutua mzigo.

"Nipe mimi. Huyo ni mtoto. Hii ni yetu sisi wawili."

"Mjomba, usi…!"

Nilipanda ile ngazi kama nyani. Mjomba alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda. Kiganjani ana mkono wangu wa akiba, unachuruzika. Mbele yake kulikuwa na nyayo mbichi za miguu peku, zimekuja kutoka getini, moja baada ya nyingine, zikaishia kwenye kigoda.

Za kurudi sikuziona.

"Ameondoka," mjomba akasema, akatabasamu. "Yamekwisha. Twende nyumbani."

Nyumbani wote wanashangilia amepona. Kukohoa hakohoi tena. Tena amekuwa mpole, hata kunitania hanitanii. Lile jina la Mdomo sijalisikia kwake tangu jioni ile. Ananiita Fundi.

Kazi tunaendelea. Kila nikitaka kushuka, namwomba anipe na ule mkono wa akiba nishuke nayo yote miwili. Hanipi. Anauzungusha kiganjani taratibu, ananitazama.

"Shuka, Fundi. Nipo hapa juu. Au huniamini?"

Kesho tuna tangi kubwa la kukarabati. Mama yangu ananisihi nisimvunje moyo mjomba wangu, mtu aliyenilea. Namwambia sawa.

Sijamwambia ninachokitazama kila asubuhi tukitoka. Mjomba, aliyekuwa hatoki mlangoni bila buti zake, siku hizi hataki viatu. Na anapopita, sakafu inabaki mbichi.