Ishaq Hatikisi Kikombe

"Tende zimeiva. Mpakie mgeni."

Redio ikakata. Nasriya akaikanyagia Land Cruiser mafuta.

Mgeni ni Kessler, muuza makombora aliyenaswa jana. Bi Khawla, mkuu wa idara, ameamuru atolewe korokoroni na kupelekwa lango la Maskati, saa kumi alasiri, abadilishwe na Ishaq, aliyetekwa na wenzake Kessler.

Ishaq, jasusi mwenzake Nasriya. Ishaq, kakaake wa tumbo moja.

Kessler akiachiwa, makombora yatamfuata na watu watakufa. Asipoachiwa, Ishaq atakufa. Haya, chagua!

Nokia ikalia.

"Nimepewa dakika moja tu, dadaangu, mjue niko hai."

"Kaka! Mzima?"

"Mzima. Thani, mlinzi wangu, ananikirimu. Tuko wawili tu, nanywa kahawa, kikombe sitikisi. Mwambie Bi Khawla, Odo hataki."

Simu ikakatika.

Looo! Nani kwao asiyemjua Odo? Odo wa Saint-Amand, mkuu wa Mashujaa wa Hekalu, watawa waliopigana Vita vya Msalaba. Ishaq alikuwa akiandika maisha yake, akiwachosha watu hata kwenye biriani ya Ijumaa. Odo alikuwa jeuri, mwepesi wa hasira. Alipotekwa mwaka 1179, wakataka kumbadilisha na mfungwa mwingine, naye akakataa katakata. Akafia kifungoni, huko nchi ya Sham.

Kumbe kaka amejichagulia kufa! Hasira zikampanda Nasriya, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Halafu akakikumbuka kikombe.

Kwa desturi ya huku, mgeni asipotikisa kikombe, mwenyeji aliyelelewa vizuri ataendelea kumimina. Mkono wa kushoto dele la kahawa, wa kulia kikombe. Bunduki ataishika kwa nini, kwa meno?

"Bi Khawla," akaita redioni, "simu ya Ishaq mliyoifuatilia imetoka wapi?"

"Rusayl, nje ya mji. Ghala la vigae. Kwani vipi?"

"Kessler asitoke. Nipe nusu saa, tafadhali."



"Na ukikosea, mwanangu?"

"Ntamzika kakaangu mwenyewe."

Nasriya aliacha viatu mlango wa nyuma wa ghala, akaingia kwa soksi, Glock mkononi. 

Kati ya marundo ya vigae, Ishaq amefungwa miguu kwenye kiti. Mbele yake kijana mwenye kanzu safi ya dishdasha ameinama na dele. Kalashnikov imeegemezwa ukutani.

"Bwana we, utapasuka!" Thani alilalamika.

"Tia."

Thani akatia. Malezi ni malezi, hata kwa mateka.

Mtutu ukamgusa kisogo.

"Usigeuke," Nasriya alinong'ona. "Na usimwage."

Ndipo Ishaq akakitikisa kikombe, akamrudishia.

"Bas. Ahsante, nimetosheka."

Nasriya akamfunga Thani pingu, kisha akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Bi Khawla, Ishaq ninaye. Mgeni abaki ndani."

"Alhamdulillahi. Na wenzake wanaomngoja langoni tunawabeba sasa hivi."

Nasriya alikata kamba. 

"Odo wako alifia kifungoni!" alifoka. "Ulitaka nimwambie nini Mama?"

Ishaq alisugua vifundo vya miguu, akatabasamu.

"Odo hakuwa na dada."

 Nasriya alivaa miwani yake ya Ray-Ban upesi, kaka asimwone macho, akatangulia kutoka kwenye jua.