Nani Anakata Uzi wa Julienne?

Benita alisogeza shuka mlangoni, penye mwanga, akaigeuza upande wa nyuma. Uzi uliochakaa huchanuka ncha kama ufagio. Huu mwekundu ulikuwa na ncha safi. Ulikatwa kwa wembe.

Fabrice alikaa akingoja. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akitoka Lusangi kwa pikipiki kila Alhamisi, na kila mara alileta kitu kimoja cha zamani cha kurekebishwa: foronya, kitambaa cha meza, shuka. Vyote vilidariziwa ndege na maua kwa mistari mitupu ya uzi mwekundu, bila kujazwa ndani, kama masista wa misioni walivyowafundisha wasichana wa zamani. Pembeni jina lilikuwa lilelile: Julienne. Hapa Kasongo waliobaki wakijua kazi hiyo ni wachache, na Benita alikuwa mmoja wao.

Siku ya kwanza aliuliza huyo Julienne ni nani. Fabrice akajibu kwamba ndiye mwenye vitu, kisha akabadili mazungumzo. Benita akaelewa kwamba ana mke. Lakini mwanaume mwenye mke mbona akae saa mbili akimtazama mwanamke mwingine anashona? Na yeye Benita, mbona kila Jumatano anasuka nywele upya? Hakujielewa.

Sasa tena wembe. Labda huyo mke ameshajua, anakata kazi yake mwenyewe kwa uchungu.

— Fabrice, uzi hii haikukatika yenyewe. Kwako iko mutu anaikata.

Fabrice alitazama viatu vyake, akasema labda ni panya. Akaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake simu ililia, namba ngeni.

— Ni wewe Benita mushonaji? Mimi ni Julienne wa Lusangi.

Benita akaanza kuomba radhi, akaapa hajafanya lolote na bwana wake. Yule mama akauliza bwana gani, maana wake alizikwa miaka tisa iliyopita. Fabrice ni mtoto wake wa kuzaa.

— Zile vitu nilishona nikiwa na miaka kumi na tano. Leo asubui nimemukuta na wembe juu ya kitambaa yangu ya ndoa. Ninamuuliza sababu, anataja jina yako tu.

Benita alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kabla hajajifuta, ujumbe ukaingia:

"Nisamehe. Foronya ya kwanza ilichakaa kweli. Zingine nilikata mimi. Nilikosa sababu ingine ya kurudi kwako."

Aliusoma mara nne, akajibu:

"Umeharibu kazi ya mama yako. Ungesema tu."

Alhamisi walikuja wote wawili. Mama Julienne alipitisha kidole juu ya mistari iliyorekebishwa, akatafuta mahali mkono wake ulipoishia na wa Benita ulipoanzia, asipaone. Akamwambia mwanawe aseme kilichomleta.

— Sikuleta kitu ya kushona leo, Benita. Nimekuja kukuomba unikubali, nikuoe.

Benita alimtazama, akamtazama na Mama Julienne.

— Sijui hata kama niko na furaha ao na hasira. Lakini ndiyo.

— Ile hasira, mwanangu, akasema Mama Julienne, tutaigawana.